Usiutupe mfumo wa duka: namna ya kuufufua wakati hela ni ya mawazo

Mwaka 2006 niliajiriwa kama keshia kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tunauza mabati, saruji, nondo, misumari, rangi na mabomba, na wateja wetu wengi ni wenye maduka madogo wa Sengerema, Magu, Geita na visiwa vya Ukerewe. Mwaka mmoja kabla sijaingia, bosi alikuwa amemlipa kijana mmoja amtengenezee mfumo wa mauzo kwa Visual Basic 6, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu, data zikikaa kwenye faili la Access, programu yao ya kuhifadhi data. Yule kijana alihama nchi zamani. Mfumo ukabaki, nami nikabaki nao. Nilijifunza kuufungua na kuurekebisha jioni baada ya kufunga hesabu, hadi ikawa ndiyo kazi yangu: mchana mhasibu, jioni fundi wa mfumo.

Mwishoni mwa 2023 ulianza kutuaibisha mbele ya wateja. Unaganda katikati ya ankara, unafungwa wenyewe, ripoti ya madeni inachukua dakika kumi na moja. Kampuni moja ikaleta nukuu ya mfumo mpya: dola 14,000, na ada ya kila mwaka juu yake, nayo kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330. Kufikia katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kuipata benki ilikuwa kazi. Mgao wa umeme ulikuwa umewabana mafundi wa kuchomelea, kwa hiyo nondo hazitoki, na wateja wa mkopo wakaanza kutupa tarehe badala ya hela.

Bosi aliniita ofisini. "Binti yangu, hizi ni semi tatu za saruji. Nikizitoa, stoo itauza nini?"

Nikamwambia: "Mzee, nipe robo ya hela hiyo na miezi sita." Ilichukua miezi tisa, lakini robo haikuisha. Naandika hapa tulivyofanya, kwa ajili ya mwenye duka, karakana au ofisi ndogo ambaye ana mfumo wa zamani na anaambiwa kila siku kwamba hauna maana tena.

Anza na daftari la kaunta

Kabla hujamwita fundi yeyote, weka daftari na kalamu kwenye kila kaunta kwa wiki mbili. Kila mfumo unapokwama, aliyekuwepo aandike saa, alikuwa anafanya nini, na kompyuta ipi. Usiwaulize watu mdomoni, maana watakuambia "mfumo ni mbovu" na hutaweza kutengeneza kitu kwa sentensi hiyo.

Letu lilikuwa na matukio 31. Nilipoyapanga, 19 yalitoka kwenye kompyuta moja ya stoo, na karibu yote ni baada ya saa tisa alasiri. Kompyuta hiyo ndiyo pekee iliyokuwa inatumia Wi-Fi. Nyingine zilikuwa na waya. Faili la Access likikaa kwenye kompyuta moja na kufunguliwa na nyingine kupitia mtandao, kila mashine inalisoma na kuliandika moja kwa moja. Mawasiliano yakikatika hata sekunde moja katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika na kuwagandisha wote. Alasiri malori yanapakia mlangoni, watu wa stoo wanachapa hati za kutolea mzigo mfululizo, na Wi-Fi ilikuwa inapita kuta mbili na rundo la mabati hadi dari.

Tulinunua swichi mpya, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, na waya mrefu. Jumla 210,000. Zaidi ya nusu ya malalamiko yaliisha wiki hiyo hiyo, na hapo hatujagusa programu hata mstari mmoja. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Kama tungeruka moja kwa moja kwenye mfumo mpya, ungekaa juu ya Wi-Fi ile ile.

Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha si bekapu

Hapa nina jambo la kukiri, kwa sababu nisingependa limkute mwingine. Tulikuwa na programu ndogo inayonakili faili la data kila usiku kwenda kwenye flashi. Niliiamini. Siku nilipojaribu kuirudisha data kwenye laptopu yangu, nilikuta ndani ya flashi faili lenye ukubwa wa kilobaiti moja. Mtu alikuwa amehamisha folda, na kwa miezi kumi na nne tulikuwa tunahifadhi njia ya mkato tu, ile alama ya kubofya, si data yenyewe. Miezi kumi na nne! Nilikaa pale stoo nikasikia mikono inapoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Nakili data wakati hakuna mtu aliyeufungua mfumo. Weka nakala moja kwenye kompyuta nyingine dukani, moja kwenye diski ya nje inayotoka nje ya jengo kila jioni, na diski hizo ziwe mbili zinazopokezana, ili moja ikiwa dukani nyingine iko nyumbani. Kisha kila mwisho wa mwezi chukua nakala, irudishe kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua mfumo, na utafute ankara ya jana. Ukiiona, umelala salama. Andika tarehe ya jaribio hilo ukutani.

Na usifute miaka ya nyuma kwa kutafuta nafasi. Sheria ya usimamizi wa kodi inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka isiyopungua 5.

Kabla ya kununua, safisha

Faili la Access lina ukomo wa gigabaiti 2. Letu lilikuwa limefika 1.7, na kila mtu aliamini limejaa biashara. Ukweli ni kwamba Access hairudishi nafasi ya vitu vilivyofutwa mpaka uiamuru ilibane faili. Amri hiyo imo ndani yake tangu zamani, ya kubana na kutengeneza. Chukua bekapu kwanza, hakikisha hakuna aliyeingia, kisha ibonyeze. Letu lilishuka hadi megabaiti 640.

Halafu nikatazama ripoti ya madeni. Jedwali la ankara lilikuwa na mamia ya maelfu ya mistari na safu ya namba ya mteja haikuwa na faharasa, ile orodha ya ndani inayoiwezesha kompyuta kwenda moja kwa moja kwenye mistari inayotakiwa badala ya kupekua yote kuanzia juu. Nikaiweka. Dakika kumi na moja zikawa sekunde arobaini. Keshia wetu, dada ambaye amekuwa akiitoa ripoti ile kila Jumamosi kwa miaka minane, alidhani imekosea, akaitoa tena.

Kwa nini hatukuandika upya

Fundi kijana atakuambia Visual Basic 6 imekufa. Sehemu ya maneno yake ni kweli: Microsoft iliacha kuihudumia zana ya kuandikia Aprili 2008. Lakini programu zilizokwisha kutengenezwa kwayo bado zinaendeshwa na Windows 10 na 11. Hatari ya karibu iko kwenye Windows yenyewe. Windows 7 iliacha kupata viraka vya usalama Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11, kwa hiyo hela ya kompyuta za kaunta itenge mapema na usiile kwenye programu.

Sababu kubwa zaidi ya kutoandika upya ni kwamba mfumo wa zamani unajua mambo ambayo wenye duka wameyasahau. Ndani ya msimbo wetu nilikuta mstari unaowaongezea wateja wa visiwani siku saba za kulipa. Hakuna aliyekumbuka. Nilipomuuliza Mzee, akafikiri kidogo, akasema: "Ah, ile ni kwa ajili ya ziwa likichafuka. Boti haziji." Kuna mwingine unaozuia bati la geji 30 kuuzwa chini ya bei fulani bila nenosiri la bosi. Ukianza upya, mambo haya yote utayajua siku mteja wa Nansio, kule Ukerewe, atakapolalamika kwamba umemtoza adhabu wakati ziwa lilikuwa halipitiki.

Na wakubwa pia yamewakuta. Netscape, kampuni iliyokuwa inaongoza kwa vivinjari vya intaneti, ilitoa toleo la 4 Juni 1997, kisha ikaamua kuandika upya. Toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likatoka Novemba 2000, na kwa miaka ile mitatu watumiaji walikuwa wanahamia Internet Explorer. Duka la Mwanza halina miaka mitatu ya kusubiri.

Mtu anayejenga upya nyumba yenye wapangaji habomoi yote siku moja. Anaezua chumba kimoja, anapaua, mpangaji anarudi, anahamia kinachofuata. Ndivyo tulivyokwenda, tukianza na msingi, yaani mahali data zinapokaa.

Kuhamisha data, kaunta wasijue

Hii ndiyo sehemu iliyokula muda mwingi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tulinunua kompyuta moja ya mezani ya mtumba kwa 650,000, tukaiongezea kumbukumbu na diski ya SSD kwa 250,000, tukaweka Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Zote mbili ni bure, hazina leseni ya mwaka, na PostgreSQL inatumiwa na makampuni makubwa duniani. Kama unaogopa Linux, SQL Server Express ya Microsoft nayo ni bure. Hadi toleo la 2022, kila hifadhidata ina ukomo wa gigabaiti 10, ambao duka la kawaida halitaufikia upesi.

Hila yenyewe ni hii: faili la Access halitoki. Linabaki kama ganda. Data zinahamia PostgreSQL, na ndani ya Access unaweka majedwali yaliyounganishwa kupitia ODBC, daraja la kuunganisha programu na hifadhidata, yenye majina yale yale ya zamani. Programu ya kaunta inafungua faili lile lile, inauliza jedwali lile lile, lakini majibu yanatoka kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mtumba. Mtandao ukikatika, keshia anapata ujumbe wa kosa na kujaribu tena. Faili la data haliharibiki.

Yapo mambo manne yatakayokusumbua, nayataja kwa sababu kila moja lilinila siku kadhaa.

Kila jedwali lazima liwe na ufunguo mkuu, yaani safu inayotofautisha mstari mmoja na mwingine. Bila hiyo Access itakuonyesha data lakini itakataa kuzibadilisha. Majedwali yetu mawili hayakuwa nayo.

Access huandika "ndiyo" kama -1. PostgreSQL ina aina yake ya ndiyo na hapana. Kwenye mipangilio ya kiendeshi cha ODBC kuna chaguo la kuzichukulia ndiyo na hapana kama herufi. Liondoe, kisha jaribu kila dirisha lenye kisanduku cha tiki.

Access haitofautishi herufi kubwa na ndogo inapotafuta, PostgreSQL inatofautisha. Keshia aliyezoea kuandika "nansio" ghafla hakumpata mteja aliyesajiliwa "NANSIO", akamsajili upya. Kwa siku mbili tulipata wateja wapya tisa ambao si wapya. PostgreSQL ina aina ya maandishi isiyojali ukubwa wa herufi, inaitwa citext. Itumie kwenye safu za majina tangu mwanzo.

La nne ndilo linalohitaji kugusa msimbo: programu nyingi za zamani hufungua jedwali moja kwa moja na kuruka kwenye mstari kwa amri ya Seek. Amri hiyo haifanyi kazi kwenye jedwali lililounganishwa. Kwetu ilikuwa sehemu 23. Kama huna msimbo chanzo, simama hapa kwanza umtafute aliyetengeneza, au familia yake, au diski zake za zamani. Sisi tuliukuta kwenye CD ndani ya bahasha ya leseni ya biashara ya 2005.

Baada ya hapo tuliendesha njia mbili kwa pamoja kwa wiki mbili. Mauzo yote yanaingia kwenye mfumo mpya, na jioni keshia mmoja anaingiza ankara za siku kwenye nakala ya mfumo wa zamani. Kisha tunalinganisha jumla: mauzo, VAT, madeni, mzigo uliotoka. Ni kazi ya kuchosha, na watu walinung'unika, nami naelewa kwa nini. Siku ya tatu tulitofautiana shilingi 300. Ilitokana na VAT ya asilimia 18: nilipogusa zile sehemu 23 nilianza kuikadiria kwa kila mstari wa ankara, wakati ya zamani iliikadiria kwenye jumla. Shilingi 300 kwa siku ni kidogo, lakini jumla za ankara zikipishana na risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mwisho wa mwaka una maelezo marefu ya kutoa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Rekebisha mpaka tofauti iwe sifuri, siku tano mfululizo.

Wingu au hapa hapa?

Wengi walinishauri tuweke kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti. Nina heshima na ushauri huo, lakini nimeishi Mei 2024. Tarehe 12 mwezi ule nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti Tanzania nzima ikawa ya kuvizia kwa siku kadhaa. Data zetu zilikuwa hapa hapa dukani, hivyo kaunta iliendelea kuuza. Weka nakala kwenye wingu usiku kama unaweza kulipia. Mauzo yenyewe yasitegemee waya ulio baharini. Kwa umeme, nunua UPS mbili, zile betri zinazoshikilia umeme ukikatika, moja ya seva na moja ya swichi pamoja na kompyuta ya keshia. Watu husahau swichi, halafu wanashangaa seva iko hewani na hakuna anayeifikia.

Dirisha moja, halafu jingine

Data zikishakuwa mahali pazuri, mambo mapya hayahitaji tena Visual Basic. Cha kwanza tulichojenga ni ukurasa mdogo wa kuangalia mzigo uliopo na bei, unaofunguka kwenye simu. Ulikuwa wa kusoma tu, haubadilishi kitu, kwa hiyo hata ukikosea hauwezi kuharibu stoo. Mtunza stoo aliacha kupigiwa simu mara arobaini kwa siku. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wateja wa upande wa Sengerema hawasubiri tena kivuko na wanataka jibu saa hiyo hiyo, na sasa mtu wa mauzo anawajibu akiwa palepale kwao. Akiwa nje ya duka anaingia kupitia WireGuard, njia ya siri ya kuufikia mtandao wa duka, ambayo nayo ni bure. Usifungue seva yako wazi kwa intaneti hata kama fundi anasema ni ya muda.

Ukurasa huo uliandikwa na kijana aliyemaliza chuo, kwa Django, zana ya kujengea kurasa za wavuti. Tulikubaliana mambo matatu kwa maandishi: analipwa kwa kila dirisha likikubaliwa na anayelitumia, siyo kwa mwezi, msimbo wote ni mali ya duka na nakala inabaki kwetu kila Ijumaa, na hapewi data halisi. Nilimpa nakala ambayo majina, namba za simu na za vitambulisho vya wateja nimezibadilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023, na orodha ya nani anadaiwa kiasi gani ni siri ya watu walioniamini kabla haijawa jambo la sheria.

Dirisha la pili lilikuwa la kuunganisha ankara na risiti za TRA, ili keshia asiandike kitu kile kile mara mbili. Hapo usijaribu njia ya mkato. Tumia msambazaji aliyeidhinishwa na TRA, muulize kwa maandishi kama huduma yake inapokea data kutoka mfumo ulio nao, na ujaribu siku isiyo na wateja wengi.

Hela ilivyokwenda

Swichi na nyaya 210,000. Diski mbili za nje 360,000. UPS mbili 900,000. Seva na nyongeza zake 900,000. Kompyuta tatu za mtumba zinazokubali Windows 11, 2,250,000. Kijana wa Django 3,200,000. Jumla shilingi 7,820,000, zilizolipwa kidogo kidogo kwa miezi tisa, na hakuna hata senti iliyolipwa kwa dola. Muda wangu haumo humo. Ulikuwa saa mbili karibu kila jioni, na kama wewe huna mtu wa ndani, hesabu ya fundi itapanda. Ndiyo maana ningependa kila duka limfundishe mtu wake mmoja, hata awe keshia.

Mzee aliangalia karatasi hii muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Na ada ya mwakani?" Nikamwambia ni betri za UPS.

Dirisha la madeni bado ni lile la 2005, lenye rangi ya kijivu na vitufe vidogo. Linafuata. Tutalibadilisha mvua zikianza kukolea na ujenzi kupungua, kati ya tarehe 21 na 25, kwa sababu tarehe 20 ni mwisho wa ritani ya VAT na kuanzia 26 wateja wanakuja kufunga madeni ya mwezi. Chagua siku zako kwa hesabu hiyo hiyo, na siku ya kubadilisha, acha ikoni ya dirisha la zamani ibaki kwenye kioo cha keshia kwa wiki nne.